Mauwa ya ndani, eisii na joto la kaskazi: nnavyofanya mie huku Unguja

Kila ukifungua makala za mauwa ya ndani utakuta maneno yale yale, weka mmea kwenye nyuzi 18 mpaka 24, usiuache karibu na dirisha usiku maana kioo kinapitisha baridi, usiuweke juu ya hita, na mwezi wa tisa ukiisha ingiza ndani vyungu vyako. Wallahi mie nasoma najisemea, sasa haya yananihusu nini mtu wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja. Dirisha langu likipitisha kitu basi ni joto na vumbi la barabarani, hita naiona kwenye filamu tu, na mwezi wa tisa ndo kwanza joto linaanza kupanda. Walioandika hawakukosea, wanawaandikia watu wao wa Uholanzi na Uingereza ambako Januari nje kuna barafu. Tatizo ni sisi tunaochukua maagizo yao kama yalivyo na kuyaleta kwenye nyumba ya bati.

Afu kuna upande wa pili, hawa ni wetu wenyewe, wanakwambia hii nchi ya joto bwana, mmea wa nchi za joto uweke popote utaota. Ingekuwa hivyo nisingekuwa natumiwa picha za majani yaliyoungua pembeni na mashina yaliyolegea. Mimea hii tunayoiita ya ndani kwao haikai juani. Monstera kwao ni kusini ya Mexico mpaka Panama, chini ya miti mikubwa, inatambaa kwenye shina la mti mwengine huku jua linaifikia kwa kuchujwa. Pothosi, ile ambayo wengine wanaiita mani planti, kwao ni kisiwa cha Moorea huko Polinesia ya Kifaransa, kisiwa cha katikati ya bahari kama sisi, lakini nayo inapanda mitini kivulini. Kalathea ni za kule Amerika ya Kusini, zinaota chini kabisa msituni pahala ambapo hata upepo haufiki vizuri. Kwa hiyo ni kweli ni mimea ya joto, ila joto la kivulini, hewa nzito ya unyevu, udongo wa baridi. Ukumbi wenye bati juu saa tisa mchana mwezi wa pili sio msitu, ni tanuri.

Ukitaka kuona joto tunalolitafuta likoje usisome kokote, nenda mashamba ya viungo Kizimbani au Kidichi uangalie vanila ilivyopandwa. Inapandishwa kwenye mti, juu kuna majani ya mti wenyewe na miti mengine mikubwa, chini kuna majani makavu yamerundikana, ukitia kidole kwenye yale majani unakuta pana ubaridi na unyevu hata saa saba mchana. Iliki nazo zimejificha kivulini vivyo hivyo. Ukitoka hapo ukasimama barabarani unahisi kabisa umetoka nchi moja umeingia nyengine. Sisi tunachotaka kukifanya ndani ya nyumba ni kile cha pale chini ya vanila.

Namba sasa, ili tuwe tunaongea kitu kimoja. Mimea mingi ya aina hii inaridhika kati ya nyuzi 20 na 28 mchana, na usiku inapenda joto lishuke kidogo, nyuzi tatu, nne, tano hivi. Ikifika 32 haifi, lakini inaanza kujibana, vile vitundu vidogo sana vya kwenye jani inavyopitishia hewa inavifunga ili isipoteze maji, na ikishavifunga haijipikii chakula vizuri, inakula akiba. Ikizidi 35 kwa masaa mengi utajionea mwenyewe, hasa kama udongo umekauka. Upande wa baridi, ikishuka chini ya 15 inasimama kukua, na kwenye 12 au 10 mingi yake inaumia kabisa, majani yanatoka mabaka meusi yenye majimaji, wala si lazima pawe na barafu.

Sasa sisi tuko wapi kwenye hizo namba? Kaskazi ikishakolea, mwezi wa pili na wa tatu, mchana ni 32, 33 na hiyo ni kivulini, na usiku unajilaza na 25 au 26 na feni iko namba ya mwisho. Kipupwe, Julai na Agosti, mchana 28 au 29 na usiku inashuka mpaka 21, 22, watu wanatafuta mashuka mazito. Yaani msimu mzuri wa mauwa ya ndani kwetu ni kipupwe, ule ule ambao watu wa hapa wanauita baridi. Mimi kubadilisha vyungu, kukata vipande vya kupanda, kuhamisha, yote nayasogeza kipindi hicho au masika, sio Januari.

Na hilo la usiku msilichukulie mchezo. Mmea usiku hauna jua la kutengenezea sukari, unaitumia tu ile ya mchana, na usiku ukiwa wa moto unaitumia kwa kasi zaidi. Ndo maana mtu analalamika kaskazi yote anamwagilia, anatia mbolea, na mmea uko vile vile, tena majani mapya yanatoka madogo. Mbolea haina kosa na wala haina msaada, mmea mchana umejifunga na usiku unachoma ulichobakisha. Kipindi hicho mbolea mie naipunguza kabisa, ikirudi mvua tunaendelea.

Haya, tuje kwenye eisii, yaani kiyoyozi, maana hapa ndo penye maneno.

Mie mbali na mauwa yangu ya nyumbani naangalia mauwa ya nyumba moja ya wageni Shangani, mapokezi yao yana kalathea mbili, spatifilamu (ile ya ua jeupe kama kijiko), na monstera kubwa ya pembeni. Kila nikienda ile kalathea ya upande wa kulia imekunjika na ncha zimekauka rangi ya kahawia, ya kushoto nzima. Maji yale yale, udongo ule ule, mkono ule ule unaozimwagilia. Nikamwambia kijana wa mapokezi, mwanangu hii eisii inaiua. Akaniambia, "Hasha dada, tunaweka 22 tu, si mmesema wenyewe zinapenda 22?" Nikamwambia hebu panda kiti uweke mkono. Kipimajoto changu kile kidogo cha betri nimekinunua Darajani, kinaonesha joto na unyevu pamoja, nikampa akishike pale kwenye mdomo wa eisii, akakaa kidogo, kikaanza kushuka, 19, 17, 15, mpaka kikatulia 12. Akakitazama, akaitazama rimoti.

Ndo hivyo eisii inavyofanya kazi. Ile 22 ni joto la chumba inalolilenga, lakini ili ilifikishe chumba huko inatoa hewa ya baridi kuliko hapo, kwa kawaida hewa inayotoka mdomoni inakuwa chini ya hewa ya chumba kwa nyuzi nane mpaka kumi na mbili. Mtu aliyekaa kwenye kochi upande wa pili anaona raha, lakini mmea ulio chini ya ule mdomo unapigwa na baridi ambayo Unguja haijawahi kuwa nayo tangu iumbwe, na hewa ya baridi ni nzito, inateremka chini moja kwa moja. Kwa hiyo namba ya kwenye rimoti sio joto la mmea wako. Joto la mmea wako ni lile lililopo kwenye jani, na la udongo uliomo chunguni, basi. Ukitaka kulijua tundika kipimajoto pale pale penye jani ukiache mchana mzima na usiku, usikiweke ukutani karibu na kalenda.

Tena baridi peke yake ingekuwa afadhali. Eisii inanyonya unyevu. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe mchana utarowa kichwa kwa matone, yale matone ni maji ya hewani yaliyotolewa chumbani mwa mtu. Nje unyevu ni asilimia 75 au 80 na zaidi, ndani ya chumba cha eisii iliyokesha nimeshaona kipimajoto kinasoma 45. Kalathea, na feni za majani (nakusudia ule mmea wa kivulini, sio feni ya umeme), na ile aina yake ya vijani vidogo laini, maidenihea, ndo kabisa, hizi haziwezi. Monstera na pothosi zinavumilia. Na mtu usije ukanunua kale kachupa ka kupulizia majani ukadhani umemaliza, kinachopulizwa kinakauka baada ya dakika chache tu kwenye chumba kama hicho. Bora ukusanye vyungu pamoja pembe moja, au uweke sahani pana yenye kokoto na maji chini ya chungu, maji yasiguse tundu la chungu.

Yale matone yenyewe lakini usiyaache. Tia ndoo chini ya bomba la eisii. Maji ya visima vyetu mengi yana chokaa na chumvichumvi, kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe unategemea nini, na hii mimea ya msituni imezowea maji ya mvua. Maji ya eisii hayana chokaa, ni kama ya mvua tu, kwa mauwa ni mazuri (mboga za kula usizimwagilie hayo, yamepita kwenye machuma). Yaache kwanza yapoteze ubaridi ndo umwagilie.

Pale Shangani dawa ilikuwa kuisogeza kalathea hatua tatu, nyuma ya kile kipande cha ukuta ambacho upepo wa eisii haufiki, na kale kabawa ka eisii tukakageuza kaelekee juu. Hatukuzima kitu, wageni wamelipia ubaridi wao. Majani yaliyokwisha kuungua hayarudi, hilo ujue, unayakata, unasubiri mapya, na mapya ndo yatakwambia kama pahala panafaa.

Kitu chengine cha eisii ni kuwashwa na kuzimwa. Ofisini Ijumaa mchana watu wanazima, wanafunga vioo vyote vya alminiamu, wanaondoka mpaka Jumatatu. Kutoka 20 chumba kinapanda mpaka 34 au zaidi ndani ya boksi la kioo lisilo na hewa, halafu Jumatatu asubuhi mtu anaingia na jasho lake anabonyeza 16. Na umeme nao ukikatika ni vivyo hivyo, ukirudi kila mtu anabonyeza 16. Mmea unaweza kuzowea 31 ya siku zote, unaweza kuzowea 22 ya siku zote, kinachouchosha ni kupandishwa na kushushwa. Kwa ofisi za namna hiyo jibu langu ni moja, wekeni zamia na sansevieria (ile ya majani marefu yaliyosimama kama mapanga), hayo mengine yaacheni.

Zamia hii, Zamioculcas zamiifolia kwa jina refu, ndo mmea unaonifurahisha kuliko yote kwa sababu ni wa kwetu. Asili yake ni pwani hii ya Afrika Mashariki mpaka kusini huko, Zanzibar imo, na maduka ya nje wanauuza kwa jina la Zanzibar. Waholanzi ndo walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 na ukatapakaa duniani, sasa hivi unauona kwenye benki za London na hoteli za Dubai, na sisi tunaununua dukani kwa bei kama umetoka mwezini. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka maji, ukisahau kumwagilia wiki tatu haukulaumu. Joto la kaskazi kwake ni hali ya kawaida. Kitu pekee kinachoumaliza ni maji mengi, hasa kipupwe au chumba cha eisii ambapo udongo haukauki haraka, vile viazi vinaoza kimyakimya na siku unayojua ni siku shina linapolala. Sansevieria nayo jamaa zake wengi ni wa Afrika hii hii, na yenyewe ina ujanja wake, mchana wa joto inafunga vile vitundu, inavifungua usiku kukishapoa, ndo maana haitaabiki na jua la saa nane kama wenzake.

Sasa wale tusio na eisii, ambao ndo wengi.

Nyumba inatofautiana na nyumba. Walio Mji Mkongwe, kwenye majumba ya mawe na chokaa, wana kuta nene, nusu mita na zaidi, joto la mchana linachukua muda mrefu kupenya, na ule uwanja wa katikati ya nyumba unavuta hewa. Chini pale ni pazuri kwa joto ila kiza, mmea unarefuka unatafuta mwangaza. Ghorofa ya kati ndo yenyewe. Waliopo majumba ya Michenzani, yale ya miaka ya 1970, zege tupu, wa ghorofa za kati wanajiweza, wa juu kabisa wanajua wenyewe. Zege linakunywa jua mchana kutwa na linalirudisha usiku, saa tatu usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi bado una moto, na mmea ulioegemezwa hapo haupati usiku wa kupumzika. Shoga yangu anakaa huko, alikuwa ameyapanga mauwa yake yote ukuta huo kwa kuwa jua la jioni linampendezea kwenye picha. Nikamwambia bibie, piga picha halafu uyarudishe upande wa kaskazini mashariki, jua la asubuhi linatosha. Amekataa kuhamisha lile la bugenvilea, na hilo kweli halina neno, bugenvilea na jua ni ndugu.

Sisi wa bati, joto linatoka juu. Kama huna silingi, au unayo ile nyembamba, kile kipande cha juu cha chumba ndo cha moto kuliko vyote maana hewa ya moto inapanda. Nimeweka kipimajoto juu ya kabati mwezi wa pili kikasoma 36, nikakishusha sakafuni kwenye vigae kikasoma 31, chumba kile kile, wakati ule ule. Kwa hiyo kaskazi ikianza mauwa yangu yote yanashuka, rafu zinabaki tupu, pothosi iliyokuwa inaning'inia inateremshwa, vyote vinakaa chini kwenye vigae kama watu waliokuja khitmani (mume wangu anaruka vyungu akienda msikitini alfajiri, ashazowea). Ikifika Juni vinapanda tena. Mwenye nyumba ya makuti shida hii haijui.

Madirisha asubuhi wazi, saa nne nafunga pazia za upande wa jua, saa kumi na moja jioni nafungua tena upepo upite. Feni ya dari ni nzuri, inausogeza ule mfuko wa hewa ya moto, ila mmea usikae chini yake moja kwa moja, unakauka.

Chungu chenyewe sasa. Watu wanaangalia joto la hewa wanasahau mizizi, na mizizi ndo inayoteseka kwanza. Ile mifuko na makopo meusi ya plastiki tunayouziwa nayo mauwa, ukiiacha barazani jua likaipiga kwa masaa mawili tu, ushike ubavuni uone, udongo wa ndani umeshapita joto la hewa kwa mbali, na mizizi iliyogusa ukuta wa kopo inaungua bila wewe kujua, unaona tu jani limenywea huku udongo una maji, unamwagilia tena, unaimaliza. Ndoo za rangi zile nyeupe afadhali. Chungu cha udongo ndo bora, maji yanatoka ubavuni kidogo kidogo na kuondoka na joto, sawasawa na mtungi unavyopoza maji ya kunywa, kasoro yake kinakauka haraka na lazima umwagilie mara nyingi zaidi. Chungu usikipake rangi ya mafuta kwa nje, wengi wanapaka ili kipendeze, ukishakipaka umeziba kila kitu.

Juu ya udongo mie naweka makumbi ya nazi niliyoyachanachana, tabaka la vidole viwili. Yanazuia jua, yanashika unyevu, udongo chini unakaa baridi. Kwenye mchanganyiko wenyewe natia usumba (nyuzi za makumbi) na kinongo (udongo wetu mwekundu) na samadi kidogo iliyokwisha kuiva. Angalizo moja, makumbi ya kuchukua kwa wale kina mama wa pwani ya mashariki wanaosokota kamba ni yale yaliyozikwa pwani miezi kadhaa, yamelowa maji ya bahari, yana chumvi. Yaroweke maji baridi, mwaga, rowesha tena, mwaga, onja maji kwa ncha ya ulimi, kama unaona aibu usionje, ila yakiwa bado yana chumvi mmea utakujibu kwa ncha za kahawia na utadhani ni joto.

Na maji ya kumwagilia! Tangi liko juu ya paa, jeusi, bomba limepita juu ya bati. Fungua mfereji saa saba mchana maji ya mwanzo yanakuja ya moto wa kuogea maiti, halafu mtu anachukua kopo anamimina kwenye chungu cha spatifilamu. Mwaga yale ya mwanzo, tia ndoo, yaache kivulini. Au mwagilia alfajiri baada ya sala, maji yamelala yamepoa na mmea unaingia mchana umeshakunywa. Na wale wa kutia vipande vya barafu kwenye okidi kwa sababu wameona kwenye video, jamani, mmea wa msitu wa Asia unatiliwa barafu miguuni ya nini.

Okidi, ile falenopsisi yenye mauwa kama vipepeo, nimeulizwa sana kwa nini haitoi tena mauwa baada ya yale iliyokuja nayo. Sababu kubwa ni joto. Ile inahitaji wiki kadhaa za ubaridi ndo itoe kile kikonyo cha mauwa, ikikaa zaidi ya 28 muda wote inatoa majani mazuri mapana na hakuna ua. Kwetu nafasi yake ni kipupwe tu. Mwezi wa sita itoe chumbani, iweke roshani ya upande usio na jua la mchana, ilale nje upepo wa kusi uipige usiku, Juni, Julai, Agosti. Wengine inawajibu, wengine haiwajibu. Ama mwenye chumba cha eisii kinachowashwa kila usiku kwa utulivu, 24 hivi, na mdomo umeangalia pengine, huyo atapata mauwa kabla yangu, na hapa eisii naipa haki yake.

Mama mdogo wangu yuko Wete, na yeye haya yote anayaona mambo ya watu wa mjini. Pemba ina vilima, ina miti, mvua yao kubwa kuliko yetu, nyumba yake imezungukwa na mikarafuu na migomba, anatoboa kopo la maziwa anatia kipande cha kaladi, lile la majani ya rangirangi, anaweka barazani na majani yanakuja makubwa kama uteo. Nilimpelekea kipimajoto. Saa nane mchana barazani kwake kilisoma 29 siku ambayo kwangu mie ukumbini ilikuwa 33. Miti tu hiyo, wala hana feni. Akaniuliza, "Sasa mwanangu nikishajua ni 29 nifanye nini?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia aendelee.

Kilichonishinda mpaka leo ni urujuani wa Usambara. Ni kimmea kidogo cha majani ya manyoya na mauwa ya zambarau, cha bara hapo ng'ambo ya maji tu, Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyekipeleka kwao mwaka 1892 na leo kimo kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya nzima. Kinaota kwenye miamba ya kivulini yenye unyevu, kinataka 18 mpaka 24, na kikifika kwangu kaskazi kinajikunja, kinaoza kati. Kipupwe kinapendeza, Disemba kinakwenda zake. Nataka safari hii nijaribu kukiweka sakafuni ndani ya chungu cha udongo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliorowa, karibu na mlango wa choo ambako kuna unyevu. Kwa hiyo kama kuna mtu ana ndugu Lushoto au Muheza ambaye amekiotesha nyumbani, sio cha kung'oa porini maana kule kinapungua, naomba jani moja tu lenye kikonyo chake. Linaota kwa jani. Lifunge kwenye karatasi iliyorowa kidogo, tia kwenye mfuko, na kwenye boti msiliweke karibu na injini.